Tosti ya Mayai Yenye Ladha, kwa Jiko la Kisumu

Wengi wetu tukitaka tosti ya mayai iwe tamu tunakimbilia kuipaka vitu juu: asali, jemu, sukari, ndizi. Huko ni kuanzia mwisho. Tosti iliyopikwa vizuri ina ladha hata ukiila tupu, kwa kuwa ladha yake iliingia ndani ya mkate pamoja na maziwa kabla kikaango hakijawekwa motoni. Jambo hilo likikukaa, mengine ni mepesi. Utachagua mkate unaoweza kunywa bila kuvunjika, utaunywesha maziwa yenye harufu nzuri, na utaupika taratibu kwa mafuta safi.

Mkazi wa Kisumu, au wa popote kwenye ufuo huu wa ziwa kuanzia Usenge hadi Homa Bay, hana sababu ya kula tosti isiyo na ladha. Maziwa yanashuka kutoka Nandi. Majani ya chai yanatoka Kericho na Nandi Hills, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Ndizi mbivu na ovakado zinakuja kwa malori kutoka Kisii, na miwa imejaa njia nzima ya Kibos, Miwani, Chemelil na Muhoroni. Ukienda Kibuye siku ya Jumapili, soko likiwa limefurika, utakuta karanga na simsim kwenye magunia wazi, na viungo vinavyopimwa kwa kijiko. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, wanalima vanila inayouzwa duniani kote. Vitu tunavyo, kinachotakiwa ni kujua kipi kitangulie na kipi kifuate.

Jina la "French toast" lililo kwenye menyu za hoteli lisikutishe. Kile kitabu cha upishi cha Waroma wa kale kinachojulikana kwa jina la Apicius kinaeleza mkate mweupe uliolowekwa katika maziwa, ukakaangwa kwa mafuta, kisha ukamwagiwa asali, na hayo yaliandikwa karne nyingi kabla ya Ufaransa kuwa nchi. Popote palipo na mkate wa jana na watu wasiopenda kutupa chakula, kitu cha namna hii kimepikwa. Wahindi wana ya kwao ya chumvi, yenye pilipili na dhania, nayo nitaifikia.

Mkate

Mkate wetu wa dukani, ule wa gramu 400 kwenye karatasi ya plastiki, ni laini sana na mara nyingi huja umeshakatwa vipande vyembamba. Kipande chembamba kikilowa hukatikia mkononi kabla hakijafika kwenye kikaango. Muulize mwenye duka mkate usiokatwa. Ukiupata, ukate mwenyewe kwa kisu chenye meno, unene wa sentimita 2 au zaidi kidogo. Mkate mmoja utakupa vipande vinane hivi. Unene huo ndio unaofanya nje paweze kukauka na kushika rangi huku ndani pakibaki laini. Ukikosa kabisa, tumia uliokatwa, ila punguza maziwa kwa robo na usiuloweke zaidi ya sekunde chache kila upande.

Mkate uwe wa jana, na uwe umekauka. Hapa ndipo joto la ziwani linapotuchezea. Mahali penye baridi na ukavu, mkate ukiachwa tu hukauka wenyewe. Kwetu, ukiacha mkate ndani ya plastiki yake hautakauka. Unyevu unabaki humo humo, na baada ya siku chache unaona madoa ya kijani. Kwa hiyo jioni toa vipande kwenye plastiki, vitandaze juu ya wavu au uteo, vifunike kwa kitambaa safi chepesi ili nzi na wadudu wa ziwani wasitue, uviache hadi asubuhi. Ukivigusa asubuhi uso unapaswa kuwa mkavu na mgumu kidogo, huku katikati pakiwa bado panabonyea. Ukiwa na haraka, weka vipande kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika mbili kila upande, kisha viache vipoe kabla ya kuviloweka.

Friji haisaidii hapa. Mkate ukikaa kwenye friji unakuwa mgumu haraka, lakini ugumu huo si ukavu. Wanga uliomo umejikaza tu, maji bado yamo, na ukishapata moto unarudi kuwa laini vilevile. Na mkate wenye ukungu usiukwangue ukidhani umeuokoa. Mkate una matundu, na kuvu husambaa ndani mahali jicho halioni. Utupe wote.

Mkate wa kahawia unafaa, ila unanywa polepole, uuongezee dakika moja kwenye maziwa. Skonzi zilizopasuliwa katikati zinatoa tosti nzuri sana. Hata mandazi ya jana, yaliyokatwa nusu, yanakubali, na yakiwa mahamri yenye iliki umeshapata nusu ya kazi bure.

Harufu ya samaki

Katika miongozo ya upishi iliyoandikwa mbali na ziwa hutakuta neno hili, lakini kwetu ni la lazima. Jikoni mwetu ngege wamekaangwa, mbuta amekaangwa, na omena wamekaushwa na kuungwa. Mafuta hushika harufu kuliko kitu kingine chochote jikoni, kwa sababu vitu vingi vinavyonukia, vizuri kwa vibaya, huyeyuka ndani ya mafuta na kukaa humo. Ndiyo maana viungo hunukia vikikaangwa, na ndiyo maana mafuta yaliyokaanga samaki mara moja hayatatoa tosti tamu hata ukiyachuja mara ngapi. Usitumie mafuta hayo. Usitumie pia kikaango ambacho hakikuoshwa vizuri, hasa kile cha chuma ambacho watu hukipangusa tu na kukirudisha ukutani. Kisugue kwa maji ya moto, sabuni na ndimu, ukiweke motoni kikauke, kisha ukinuse kikiwa na joto. Kikinukia shombo, tosti itanukia shombo.

Mkate nao uhifadhi mbali na mfuko wa omena. Samli au siagi iliyo wazi karibu na samaki mkavu itabadilika harufu usiku mmoja. Ukiweza, tenga kikaango kimoja kiwe cha chapati, maandazi na tosti peke yake. Ni gharama ndogo kuliko kuharibu trei ya mayai.

Mchanganyiko

Kwa mkate mmoja uliokatwa vipande vinane utahitaji mayai 4, maziwa kikombe 1 (mililita 250), sukari kijiko 1 cha mezani na chumvi robo kijiko cha chai. Mayai ya kienyeji ni madogo, chukua 5. Kiini chake kina rangi kali, na tosti itatoka na manjano mazuri ambayo mayai ya gredi hayatoi kila mara. Yai usilolijua umri, liweke kwenye maji. Likizama na kulala ubavu ni jipya, likisimama wima limekaa lakini linafaa, likielea, litupe. Na kila yai livunjie kwenye kikombe kwanza, ndipo uliunganishe na mengine.

Chumvi usiiache hata kama tosti ni ya sukari. Bila chumvi, viungo vyote hufifia na kinachobaki mdomoni ni utamu tu. Sukari nayo usiizidishe. Huungua haraka kwenye kikaango, na tosti yenye sukari nyingi ndani inakuwa nyeusi nje kabla mayai ya katikati hayajaiva.

Sasa ladha yenyewe. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya chai. Si ile chai ya kwenye thamosi iliyokaa tangu alfajiri, ingawa hata hiyo ni bora kuliko maziwa matupu. Pika chai maalumu. Ponda kipande cha tangawizi kama ncha ya kidole gumba, kichemshe peke yake kwenye robo kikombe cha maji kwa dakika tatu. Usiruke hatua hii. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, ndiyo sababu chai ya tangawizi wakati mwingine huganda na kuwa mabonge. Ukiichemsha kwanza kwa maji, nguvu hiyo inaisha. Kisha ongeza kikombe kimoja cha maziwa, iliki 5 ulizoziponda pamoja na maganda yake, kijiti kimoja cha mdalasini na kijiko kimoja cha chai cha majani. Yakifura mara moja, zima moto, funika, uache dakika kumi. Chuja. Uonje: iwe kali kuliko chai ambayo ungekunywa, kwa sababu mayai na mkate vitaipoza. Ukibakiwa na zaidi ya kikombe, ile ziada inywe.

Iache ipoe hadi ukitia kidole usisikie moto hata kidogo. Maziwa ya moto yakikutana na mayai yanayapika papo hapo, na utabaki na vipande vipande.

Kama hupendi chai asubuhi hiyo hiyo kwenye sahani na kwenye kikombe, tumia vanila. Ile ya chupa, nusu kijiko cha chai inatosha. Ikizidi inaleta uchungu. Ukipata ganda la vanila ya Uganda, lipasue kwa urefu, kwangua mbegu zake ndogo nyeusi, uchemshe mbegu na ganda pamoja na maziwa, ufunike kama ulivyofanya kwa chai. Ganda lililotumika lioshe, likaushe, ulizike kwenye kopo la sukari. Ndani ya wiki chache sukari yote itanukia.

Mdalasini wa unga una tabia ya kuudhi. Ukiumwaga juu ya maziwa hauchanganyiki. Unaelea, unajikusanya, na kipande cha kwanza cha mkate kinaondoka nao wote huku vya mwisho vikibaki bila kitu. Dawa yake ni kuuchanganya kwanza na sukari kavu, kisha uutie kwenye mayai na kupiga mpaka upotee, ndipo maziwa yaingie kidogo kidogo. Kungumanga lenyewe likwangue mara nne au tano tu kwenye kikwangulio. Ganda la nje la chungwa au ndimu, ile sehemu yenye rangi pekee, linaendana vizuri na vanila na halina gharama.

Usiviweke vyote kwa pamoja. Ukiacha ile chai, chagua kiungo kimoja kiongoze na kimoja kimsaidie. Iliki na tangawizi ni jozi. Vanila na ganda la chungwa ni jozi. Mdalasini na kungumanga ni jozi. Vikikutana vyote huzimana, na mlaji hawezi kutaja hata kimoja.

Mayai yapige kwa uma mpaka yalegee kabisa, ndipo uongeze maziwa. Halafu chukua kichujio cha chai, kile kidogo kilicho katika kila nyumba, uchuje mchanganyiko wote. Utaona kitakachobaki juu: nyuzi nene za ute, nyeupe, zinazoteleza, ambazo uma haukuzikata. Nyuzi hizo ndizo zinazong'ang'ania kwenye ukingo wa mkate na kuiva zikawa viraka vyeupe vya yai la kukaanga. Watu wanaosema hawapendi tosti kwa sababu inanuka mayai, mara nyingi wanasemea viraka hivyo. Sekunde ishirini za kuchuja zinawaondolea lalamiko lao.

Anayependa uchachu kidogo abadilishe nusu ya maziwa kwa maziwa lala, yaani mala. Tosti itakuwa nyororo zaidi. Ila mala usiichemshe na viungo, itakatika. Chemsha viungo kwenye ile nusu ya maziwa mabichi, ipoe, kisha ndipo mala iingie.

Kulowesha

Mimina mchanganyiko kwenye sahani pana yenye ukingo, si kwenye bakuli refu. Vipande vilale bapa, viwili au vitatu kwa wakati mmoja, dakika moja na nusu hadi mbili kila upande kama mkate ulikauka vizuri. Bonyeza katikati ya kipande kwa kidole: kiwe laini kote, bila kiini kigumu, lakini kiweze kunyanyuliwa bila kupinda na kukatika. Kinyanyue kwa mikono miwili au kwa mwiko bapa, ukiache kidondoke juu ya sahani kwa muda mfupi, kisha moja kwa moja kwenye kikaango. Usiviloweshe vyote ukavirundika. Vya chini vitavunjika kwa uzito wa vya juu.

Na usiuache mchanganyiko mezani asubuhi nzima. Kwenye joto la Kisumu, mayai mabichi na maziwa ni mahali ambapo vijidudu huzaana haraka. Changanya ukiwa tayari kupika, na ukikatizwa, weka kwenye friji au upike ndani ya saa moja.

Kwenye moto

Kikaango kizuri kuliko vyote kwa kazi hii unacho tayari: kile kizito cha chapati. Uzito wake unashika joto na kuligawa sawasawa. Kikaango chembamba cha aluminiamu kina sehemu moja ya moto mkali katikati, na tosti itakuwa na doa jeusi hapo na pembe zilizopauka.

Mafuta bora ni samli, kwa sababu maji na chembe za maziwa zimeshaondolewa, hivyo haiungui upesi. Siagi ina ladha nzuri lakini chembe zake za maziwa huanza kuungua karibu nyuzi 150. Ichanganye nusu kwa nusu na mafuta ya kupikia na itavumilia. Blue Band, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyonayo, ni ya kupaka zaidi kuliko ya kukaangia: ina maji, hurukaruka, na haiongezi ladha. Kama ndiyo iliyopo, changanya na mafuta pia. Mo alenya, samli ya kienyeji ya Kijaluo, ina harufu nzito na uchachu wake. Kwenye tosti ya sukari weka kiasi kidogo sana, kwenye ya chumvi weka bila woga. Kwa vyovyote, kijiko kimoja cha mezani kwa vipande vitatu kinatosha. Tosti haiogeleshwi kwenye mafuta, inapakwa tu.

Sasa sikiliza kuhusu moto, maana tosti nyingi huharibikia hapa. Mayai huanza kushikana kwenye nyuzi 62 hivi, na yakiwa na maziwa na sukari huhitaji kukaribia 80 ndipo yatulie kabisa. Uso wa mkate, kwa upande wake, hauwi wa dhahabu wala hautoi ile harufu ya kuokwa mpaka uvuke nyuzi 140. Kwa hiyo unataka vitu viwili vya kasi tofauti: nje moto wa kutosha kupata rangi, na muda wa kutosha joto lifike katikati. Moto mkali unakupa cha kwanza na kukunyima cha pili. Tosti inakuwa nzuri kwa macho, ukiikata inatoka uji.

Kwenye gesi, weka moto chini ya wastani, uache kikaango kishike joto dakika tatu kabla ya mafuta. Kwenye jiko la makaa, usipike makaa yakiwa yanawaka kwa ghadhabu. Subiri yafunikwe na jivu jepesi, yatandaze, na kama bado ni makali funga mlango wa jiko au nyunyiza jivu juu yake. Jaribu kwa tone moja la mchanganyiko. Likitulia, likashikana polepole na kuwa la dhahabu kwa karibu dakika moja, endelea. Likipasuka na kuwa la kahawia papo hapo, ondoa kikaango kidogo.

Weka vipande, usivisogeze. Dakika tatu hadi nne, kisha geuza mara moja tu. Upande wa pili ukishashika rangi, funika kikaango kwa mfuniko kwa dakika moja au mbili. Mvuke utamalizia katikati. Bonyeza kipande katikati: kikiiva kinarudi juu chenyewe, na hakuna maji yanayochuruzika ukingoni. Kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee hakikisha kimeiva kabisa ndani.

Kabla ya kuweka vipande vingine, pangusa kikaango kwa kitambaa kikavu. Makombo na matone ya sukari yaliyobaki yataungua kwenye duru ya pili, na uchungu wao utaonekana kwenye tosti ya mwisho, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mpishi.

Cha kuweka juu

Kiwe kidogo. Ile sharubati ya mti wa mepo inayotoka Kanada inauzwa ghali kwenye supamaketi, na hatuihitaji. Nunua sukari nguru, ivunje gramu 150, ichemshe na robo kikombe cha maji kwa dakika tano hadi iwe nzito. Ichuje, kwa sababu sukari nguru huja na nyuzi za miwa na vumbi. Itie maji ya nusu ndimu na chembe ya chumvi. Ina uzito na ukali ambao sukari nyeupe haina, na inakaa chupani wiki kadhaa.

Au kata ndizi mbivu mbili, zikaange kwenye kikaango hicho hicho ulichopikia tosti, ongeza kijiko cha sukari nguru iliyopondwa na ndimu, ugeuze taratibu. Karanga zilizokaangwa na kupondwa nusu nusu nyunyiza mwishoni ili zibaki na mkwaruzo. Msimu wa maembe ukifika, embe bivu lililokatwa linatosha peke yake.

Ya chumvi

Hii ndiyo tosti ninayoitetea kwa anayesema hapendi vitu vitamu asubuhi. Baadhi ya Wahindi huiita Bombay toast. Ondoa sukari, chai na vanila. Mayai 4, maziwa nusu kikombe tu, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga, robo kijiko cha binzari ya manjano. Kata kitunguu kimoja kidogo, pilipili hoho nusu, pilipili mbichi moja na dhania, vyote vidogo kabisa, kwa maana vipande vikubwa havishiki kwenye mkate. Usichuje baada ya kutia mboga. Mayai yachuje kabla. Lowesha mkate, kisha ukiwa tayari kwenye kikaango uchukue kijiko cha mboga zilizobaki chini ya sahani, uzitandaze juu ya kipande na kuzibonyeza. Geuza kwa uangalifu. Hapa mkate uliokatwa mwembamba unafaa, kwa kuwa maziwa ni machache. Ile kwa kachumbari au ukwaju, na chai ya rangi.

Wageni wakiwa wengi

Ukiwa na watu kumi sebuleni usisimame kwenye kikaango saa nzima huku tosti za kwanza zimeshapoa. Paka sufuria nzito siagi, panga ndani vipande vya mkate mkavu, kimoja kikiegemea kingine, umwagie mayai 4 yaliyopigwa na maziwa mililita 500 ya viungo, sukari vijiko vitatu. Kwa watu kumi tumia mikate miwili, uongeze vyote maradufu, kwenye sufuria pana. Acha dakika kumi na tano mkate unywe. Funika kwa mfuniko bapa na uoke kwa namna ya keki ya sufuria: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 35 au 40 chomeka kisu katikati. Kikitoka kisafi, imeiva. Juu patakuwa pa dhahabu na pakavu, chini laini.

Tosti ya kikaangoni iliwe ikiwa moto. Ikibidi kusubiri, iweke juu ya wavu, si kwenye sahani iliyofunikwa, kwa sababu mvuke utailowesha tena kwa chini. Iliyobaki iende kwenye friji, iliwe kesho yake kwa kupashwa kwenye kikaango kikavu. Na kama unataka kuipika kesho asubuhi, anza leo usiku: toa mkate kwenye plastiki, uutandaze, uufunike kwa kitambaa.